Umeneja wa bendi wa mwaka 1988: jinsi ya kurudi kwenye Rock Star Ate My Hamster na kuicheza ipasavyo

Kuna gemu za muziki za kubonyeza vitufe kwa kufuata mdundo, na kuna nyingine ambazo hupigi hata noti moja. Kazi yako ni kukaa na mahesabu, kulipa mishahara, kutuliza watu wenye majivuno, na kuomba gazeti la kesho lisiandike ulichofanya jana. Rock Star Ate My Hamster ni ya kundi hili la pili. Ilitoka Uingereza mwaka 1988, ikaandikwa na Colin Jones na kuuzwa na Codemasters, kampuni ya ndugu wawili, Richard na David Darling, iliyoanzishwa mwaka 1986. Codemasters walijulikana zaidi kwa kaseti za bei ya chini, lakini hii waliiuza kwa bei kamili chini ya nembo yao ya Gold.

Nimeirudia mara tatu katika miaka ya karibuni. Mara ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Kila nilipokosea nilirudisha nyuma, nikacheza upya wiki ileile hadi mambo yakanyooka, na mwisho nikajiuliza kwa nini watu waliisifu. Mara ya pili nilijiwekea sharti la kutorudi nyuma kabisa. Nilicheka peke yangu saa sita za usiku na bendi yangu ikafilisika. Mwongozo huu umetokana na mara hiyo ya pili. Unaanzia kwenye kuipata na kuiwasha hadi namna ya kuendesha bendi, na pale ambapo wengi hukwama nitakaa kidogo zaidi.

Kwanza, ujue unacheza mzaha wa wapi

Ukiiwasha bila kujua ilikotoka, nusu ya utani utakupita. Tarehe 13 Machi 1986 gazeti la The Sun lilitoka na kichwa cha habari kilichojaza ukurasa wa mbele, kikidai kwamba mchekeshaji Freddie Starr alimla hamsta wa mtu, yaani kile kinyama kama panya kinachofugwa nyumbani. Starr alikana. Lakini kichwa chenyewe kilikwishaingia kwenye mazungumzo ya nchi nzima, na hakijatoka hadi leo. Jina la gemu ni kichwa hicho kilichopindwa, yaani nyota wa roki kamla hamsta wangu.

Kwa hiyo ndani ya gemu magazeti ya udaku ni mshiriki kamili kama walivyo wapiga gitaa. Hiyo ndiyo Uingereza ya wakati ule. Tamasha la hisani la Live Aid la Wembley lilikuwa limepita mwaka 1985 na kila mwanamuziki alitaka kuonekana mwema mbele ya kamera. Makampuni ya vinywaji yalikuwa yakidhamini ziara kubwa. Chati ya singo ilisomwa kwenye Radio 1 ya BBC kila Jumapili na vijana walikaa na kinasa sauti mkononi wakiisubiri. Gemu inacheka vyote hivyo, na inavicheka bila huruma. Baadhi ya vichekesho vimechakaa, na kuna vingine ambavyo leo visingeandikwa. Ni vizuri kulijua hilo kabla hujamkalisha mtoto mbele ya skrini.

Pili, chagua mashine

Gemu ilitolewa kwa kompyuta tano za nyumbani: ZX Spectrum, Commodore 64, Amstrad CPC, Atari ST na Amiga. Mbili za mwisho zina biti 16, picha zao ni nzuri zaidi na sauti zao zimejaa. Tatu za mwanzo zina biti 8.

Ukitaka kuicheza mara moja tu na kuendelea na maisha yako, chukua ya Amiga. Nyuso za wanamuziki zinaonekana vizuri, na kwenye gemu ya kejeli uso ni nusu ya kichekesho. Ukitaka kuonja jinsi watoto wengi wa Uingereza walivyoionja, chukua ya Spectrum. Mashine hiyo iliruhusu rangi mbili tu ndani ya kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8, ndiyo maana picha zake huwa kama zimetiwa rangi na mtu mwenye haraka. Mimi huipenda zaidi hii ya Spectrum, na sina hoja ya maana ya kuutetea upendo huo.

Kumiliki mashine yenyewe si lazima. Kuna emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta yako ya leo ijifanye ni ile ya zamani. Kwa Spectrum tumia Fuse, kwa Commodore 64 tumia VICE, kwa Amiga ni FS-UAE au WinUAE, na kwa Atari ST ni Hatari. Jina hilo la mwisho ni jina tu, haliumi mtu. Zote ni za bure.

Emuleta peke yake haitoshi kila mara. Amiga inahitaji programu yake ya ndani iitwayo Kickstart, ambayo bado ina mwenye haki na huuzwa kihalali ndani ya kifurushi cha Amiga Forever. FS-UAE na WinUAE huja na mbadala wa bure uliotokana na mradi wa AROS. Mbadala huo huendesha gemu nyingi na hugoma kwenye baadhi. Ukiona skrini imeganda mwanzoni kabisa, mtuhumu yeye kwanza kabla hujailaumu diski. Kwa Atari ST kuna EmuTOS, nayo ni ya bure.

Tatu, pata nakala, na ikiwa ni kaseti, ipokee kwa upole

Gemu kuwa ya zamani hakuifanyi kuwa ya kuokota. Kwa sheria ya Uingereza haki ya mwandishi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, na programu za kompyuta zinalindwa kama maandishi. Njia safi ni kununua kaseti au diski halisi iliyotumika kisha kuihamisha mwenyewe. Ni kazi ya jioni moja, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Unahitaji redio kaseti au deki inayofanya kazi, waya wa kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta, na programu yoyote ya kurekodi sauti.

Safisha kichwa cha deki kwanza. Chukua kijiti chenye pamba, kichovye kwenye alkoholi ya isopropili, kisugulie kile kichuma kidogo kinachogusana na utepe, kisha roli ya mpira iliyo pembeni yake. Pamba itatoka na rangi ya kutu. Rudia kwa kijiti kipya hadi itoke nyeupe, halafu acha dakika chache vikauke.

Kabla hujarekodi, zungusha kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha mwanzo. Utepe uliolala miaka mingi kwenye boksi hugandamana, na ukiuvuta polepole kwa mara ya kwanza huweza kukwaruza na kuyumba.

Sasa sikiliza. Data ya Spectrum ni sauti. Huanza na mlio mrefu ulionyooka, kisha hufuata kelele kama ya mafuta yanayokaangwa. Ikiwa kelele hiyo inasikika imefunikwa, kama mtu anayesemea chini ya blanketi, kichwa cha deki hakijakaa sambamba na utepe. Karibu na kichwa kuna skrubu ndogo, mara nyingi huonekana kupitia kitundu kwenye kifuniko. Weka alama ya mahali ilipo kabla hujaigusa. Halafu, kaseti ikiendelea kucheza, izungushe kidogo sana kulia, kisha kushoto, hadi kelele iwe kali na yenye makali kuliko mahali pengine popote. Masikio yatakuambia. Simama hapo.

Rekodi kwa mono, sampuli 44,100 kwa sekunde, na uhifadhi kama WAV. Zima Dolby na kila kitu kinachojifanya kupunguza kelele, maana kelele hiyo ndiyo gemu. Usihifadhi kama MP3, kwa sababu MP3 hutupa kile inachodhani sikio halitakikosa, na Spectrum haina sikio la namna hiyo. Kiwango cha sauti kiwe juu bila kugonga dari. Kisha kifurushi cha zana za Fuse kina programu iitwayo audio2tape, ambayo hugeuza rekodi hiyo kuwa faili ya kaseti inayosomeka na emuleta.

Kwa diski za Amiga kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kiendesha diski cha kompyuta ya kawaida hakiwezi kuzisoma bila kifaa cha ziada. Faili inayopatikana, ikiwa ni ADF, yaani nakala kamili ya diski ya Amiga, huwa na ukubwa wa kilobaiti 880. Ikiwa pungufu ya hapo, nakala yako haikukamilika.

Nne, iwashe

Kwenye Fuse chagua mashine ya Spectrum 48K. Unaweza kufungua faili na kuiacha ijipakie yenyewe, lakini fanya kwa mkono angalau mara moja. Bonyeza J, na neno LOAD litajitokeza zima, kwa kuwa kibodi ya Spectrum iliandika amri nzima kwa kitufe kimoja. Shikilia kitufe cha Symbol Shift, ambacho kwenye kompyuta ya leo huwa ni Ctrl, ubonyeze P mara mbili ili upate alama mbili za kunukuu. Bonyeza Enter, kisha kwenye menyu ya kaseti chagua kucheza.

Ukingo wa skrini utaanza kutoa mistari minene ya nyekundu na samawati, kisha mistari myembamba ya buluu na njano data inapoanza kuingia. Kwa kasi ya kawaida programu inayojaza kumbukumbu yote ya kilobaiti 48 huchukua dakika kama tano. Fuse inaweza kuruka kusubiri huko. Sikulazimishi usubiri, ila ujue tu kwamba aliyenunua kaseti hii mwaka 1988 alipitia hapa kila alipotaka kucheza, na ndiyo maana hakuzima haraka akishindwa.

Ukipata ujumbe R Tape loading error, usikate tamaa. Rudi kwenye rekodi, punguza au ongeza sauti kidogo, jaribu tena. Ukipata ujumbe huo mahali palepale mara tatu, utepe umeharibika hapo. Angalia upande wa pili wa kaseti, kwa kuwa gemu nyingi za wakati ule ziliwekewa nakala pande zote mbili.

Kwenye VICE, Commodore 64 hupakia kaseti kwa kushika Shift na kubonyeza Run/Stop, kitufe ambacho mara nyingi kimewekwa kwenye Esc. Kama umebonyeza kila kitu na hakuna kinachosogea, jostiki yako imechomekwa kwenye mlango usio wenyewe. Mashine hizo zilikuwa na milango miwili, basi hamisha kutoka mmoja kwenda mwingine kwenye mipangilio. Kwa Amiga weka mashine ya A500, yaani Amiga 500, ya PAL, mfumo wa televisheni wa Uingereza. Uingereza ilitumia picha 50 kwa sekunde, na ukiiweka kwenye NTSC, mfumo wa Marekani, kila kitu kitakwenda kasi kuliko kilivyokusudiwa na sehemu ya chini ya picha inaweza kukatwa.

Tano, tengeneza daftari kabla hujatengeneza bendi

Wewe ni Cecil Pitt, mtu wa burudani aliyechoka, na msaidizi wako ni Clive. Lengo ni kupata diski nne za dhahabu ndani ya mwaka mmoja bila kufilisika. Basi.

Kwa nini diski ya dhahabu? Kwa vipimo vya chama cha tasnia ya rekodi cha Uingereza, albamu ilihitaji nakala 100,000 ili kupata dhahabu. Singo mwaka 1988 ilihitaji 500,000, na mwaka uliofuata kipimo hicho kikashushwa hadi 400,000. Ndani ya gemu mizani ni ya gemu yenyewe, lakini kwa kuujua uzito huu utaelewa kwa nini Cecil kupewa sharti la diski nne kwa mwaka ni kichekesho tangu ukurasa wa kwanza.

Chukua karatasi na kalamu. Naam, karatasi. Gemu hizi hazikukuwekea grafu wala historia ya miamala. Zilikuonyesha pesa uliyonayo sasa, zikakuachia mengine. Chora safu tano: wiki, salio, mishahara, ulichofanya, kilichotokea. Safu ya mwisho ndiyo muhimu, na ndiyo wengi huiruka. Hii hapa sehemu ya daftari langu la mara ya pili, neno kwa neno:

Wiki ya 5, mazoezi, hakuna.
Wiki ya 6, shoo ndogo, ukumbi nusu.
Wiki ya 7, kiki, gazetini, lakini vibaya.
Wiki ya 8, shoo, ukumbi umejaa!!

Alama zile mbili za mshangao ni zangu za siku ile. Nilipozitazama baadaye ndipo nilipogundua kwamba kiki mbaya ya wiki ya saba haikuniumiza kama nilivyodhani.

Sita, ajiri kwa mkoba, si kwa jina

Unaruhusiwa mwanamuziki mmoja hadi wanne. Orodha imejaa vikaragosi vya nyota halisi wa miaka ya themanini, kila mmoja na jina lililopindwa kidogo tu, kiasi cha kumtambua na kutoweza kushitaki. Hapa ndipo mtu anayeirudia gemu kwa kumbukumbu tamu hujikwaa. Unawaona wakubwa wanne, unawataka wote, unawachukua wote, na kabla hujapiga shoo ya pili umeishiwa.

Fanya hesabu hii kabla ya kusaini. Gawa pesa utakayobaki nayo kwa jumla ya mishahara ya wiki. Tuseme, kwa mfano tu, umebakiwa na pauni 30,000 na mishahara ni 5,000 kwa wiki. Una wiki sita za kuishi bila kuingiza hata senti. Ndani ya wiki hizo sita lazima ufanye mazoezi, utoke hadharani na uanze kuuza tiketi. Ukiona chini ya wiki sita, mwache mmoja.

Mpangilio ulionifaa ni jina moja kubwa na mwingine mmoja au wawili wa bei ndogo. Jina kubwa huvuta watu, wengine hujaza jukwaa. Kuna wanaoapa kwa mwanamuziki mmoja tu, kwa sababu mshahara ni mmoja na ugomvi ni mmoja. Hawajakosea, ila bendi ya mtu mmoja inakunyima nusu ya vituko.

Jina la bendi andika lolote, lakini fikiria kwamba utalisoma mwaka mzima kwenye vichwa vya habari. Mimi niliita yangu Sufuria Tupu na ikawa utabiri.

Saba, mazoezi, kisha shoo ndogo

Usikimbilie jukwaa kubwa. Bendi isiyofanya mazoezi huonekana, na kila siku ya mazoezi ni siku ya mshahara isiyoingiza kitu. Unatafuta mahali pa katikati. Mimi hutoa wiki kadhaa za mwanzo kwa mazoezi, nikikubali salio kushuka, kisha natoka na shoo za kumbi ndogo. Kumbi ndogo hazitakutajirisha. Zinakupa habari, yaani watu wangapi wamekuja, kwa bei gani, na bendi ikoje.

Tiketi usiipandishe kwa hasira. Ukumbi uliojaa kwa bei ya chini unakupa sifa, ukumbi mtupu kwa bei ya juu unakupa gazeti. Panda polepole, na kila unapopanda andika waliokuja. Mahali idadi inapoanza kushuka ndipo bei yako ilipo kwa sasa. Wiki nne baadaye patakuwa pengine, hivyo usiigeuze kuwa sheria.

Wanamuziki nao wana roho. Wakinuna, zawadi husaidia. Ni gharama, lakini ilinganishe na gharama ya kumpoteza mtu siku mbili kabla ya kurekodi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuna wachezaji wanaochukulia zawadi kama adhabu ya gemu kwa meneja. Hapana, ni mshahara uliobadilishwa jina. Uweke kwenye safu ya mishahara na utapanga vizuri zaidi.

Nane, kiki

Hii ndiyo roho ya gemu. Unaweza kupanga tukio la kutafuta kiki ili magazeti yaandike. Likienda vizuri, jina linapaa. Likienda vibaya, linaweza kukuletea aibu au kukugharimu mwanamuziki mwenyewe, na hapo gemu haina haya kabisa.

Ninachofanya ni hiki. Sitafuti kiki nikiwa sina cha kuuza. Jina likipaa leo na huna shoo wala singo sokoni, wiki tatu baadaye limeshuka na umebaki na picha ya gazeti. Kiki naiweka siku chache kabla ya ziara au kabla ya kitu kutoka. Pili, siifanyi na mwanamuziki wa jina kubwa peke yake, kwa sababu nikimpoteza yeye sina bendi. Tatu, siifanyi mara mbili mfululizo hata ya kwanza ikiwa imefana sana, na hasa ikiwa imefana sana.

Na hapa ndipo mkono utakapokuwasha. Emuleta zote zina uwezo wa kuhifadhi hali ya gemu papo hapo na kuirudisha. Kwenye FS-UAE ni F12 tu na menyu imefunguka. Kiki imeharibika, bonyeza, rudi, jaribu tena, na hakuna atakayejua. Nimefanya hivyo, na nimeshasema ilivyoishia. Gemu hii haina fumbo la kufumbua wala vita vya kushinda. Ilichonacho ni matokeo, na ukiyafuta mabaya unabaki na orodha ya menyu na mtu anayelipa mishahara. Hifadhi unapotaka kwenda kulala. Kurudi nyuma, usirudi.

Tisa, mkataba, studio na singo

Bendi ikishajulikana, lebo zitakuja. Usichukue ofa ya kwanza kwa furaha ya kutafutwa. Tazama salio lako kwenye daftari. Kama una wiki nane za uhai, unaweza kungoja. Kama una mbili, saini na ushukuru, maana mkataba mbaya unaokuweka hai ni bora kuliko mzuri utakaokuta umefunga duka. Nimewahi kungoja nikiwa na wiki mbili, ndiyo hiyo Sufuria Tupu niliyowatajia.

Studioni pumua. Ingia bendi ikiwa katika hali nzuri na ukiwa na akiba ya kumaliza kazi bila kulazimika kukimbilia shoo katikati. Majina ya nyimbo yape dakika tano za ziada, kwa kuwa utachagua kati yake wimbo wa kutoa kama singo, na ni raha kuuona wimbo ulioupa jina la kipuuzi ukipanda chati. Video itakula pesa. Singo ya kwanza naitengea fungu la wastani, na fungu nene naliacha kwa singo ambayo tayari imeonyesha dalili.

Mwaka una miezi kumi na miwili tu, na diski ni nne. Hesabu kurudi nyuma. Ukifika katikati ya mwaka bila hata moja, acha kujilinda. Hapo ndipo pa kuchukua ziara kubwa, video ya gharama na kiki ya hatari. Kushindwa na pauni nyingi benki ni kushindwa vilevile, na magazeti yake si ya kuchekesha.

Kumi, ukimaliza

Piga picha ya skrini ya gazeti la mwisho na uiweke pamoja na daftari. Faili ya kaseti uliyoitengeneza inakilie mahali pawili, kisha rudisha kaseti yenyewe ikiwa imezungushwa hadi mwanzo, iweke imesimama, mbali na spika na kitu chochote chenye sumaku.

Ukitaka kuendelea na ukoo huu wa gemu, rudi nyuma hadi mwaka 1984 uitafute The Biz, ya ZX Spectrum, iliyotolewa na Virgin Games. Aliyeiandika, Chris Sievey, alikuwa mwanamuziki wa bendi ya The Freshies, na baadaye alijulikana zaidi kwa kuvaa kichwa kikubwa cha bandia kwa jina la Frank Sidebottom. Hii nayo inakupa bendi na safari ya kuitafuta namba moja, lakini imeandikwa na mtu aliyewahi kuzibeba amplifaya mwenyewe. Kabla hujaipakia, chora daftari jipya, na skrubu ile ya deki uirudishe kwenye alama yako.